Tangi la Biogesi Lililoongeza Moshi: Kisa cha Msaada wa Nishati Safi katika Shule ya Bweni, Mashariki mwa Uganda

Majina ya shule, mfadhili, shirika lililosimamia mradi na mkandarasi yameondolewa, na wilaya haitajwi. Tarakimu za shule zimesogezwa hadi namba za mviringo bila kuvuruga uwiano wake.

Usuli

Ni sekondari ya bweni upande wa mpaka wa Kenya, yenye wanafunzi wapatao 600. Chakula ni kilekile cha shule nyingi za Uganda: uji asubuhi, posho (ugali wa mahindi) na maharage mchana, posho na maharage usiku. Kabla ya mradi, sufuria tano za lita 200 hadi 300 zilikaa juu ya mafiga ya matofali yasiyo na dohani. Moshi ulitokea mlangoni na kwenye nafasi kati ya ukuta na mabati, na wapishi walipeana zamu za kutoka nje kuvuta pumzi.

Kuni zilihesabiwa kwa safari za lori la Fuso, si kwa kilo. Hivyo ndivyo shule nyingi zinavyofanya, na mhasibu hana sababu ya kulaumiwa, ila ndipo makosa yote yaliyofuata yalipopata mwanya. Kuni zilipokuja kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kila mwanafunzi alikuwa akitumia takriban kilo 0.6 kwa siku. Kwa shule nzima ni kilo 360 kwa siku, na karibu tani 32 kwa muhula wa siku 90.

Msaada ulitoka kwa wakala wa serikali moja ya Ulaya, ukapitia shirika lisilo la kiserikali lenye ofisi Kampala. Muda wa ruzuku ulikuwa miezi 18. Andiko la mradi liliahidi mambo matatu: kuondoa moshi jikoni, kunusuru miti, na kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Chombo cha kutimiza yote matatu kilikuwa tangi moja la biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi kinachooza bila hewa, la mita za ujazo 60, la kuba, lililofukiwa ardhini, likilishwa samadi ya ng'ombe wa shule pamoja na vyoo vya wanafunzi.

Wazo lenyewe halikuwa la kubuniwa mezani. Kuanzia 2009, mpango wa Africa Biogas Partnership Programme, uliogharamiwa kwa kiasi kikubwa na Uholanzi, ulisaidia kujenga maelfu ya mitambo ya nyumbani nchini Uganda, na mingine Kenya, Tanzania, Ethiopia na Burkina Faso. Katika ngazi ya nyumba hesabu inakubali. Ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini hutoa kilo 30 hadi 40 za samadi kwa siku. Kilo moja hutoa lita 35 hadi 40 za gesi. Familia inapata kati ya mita za ujazo 1 na 1.5, na kwa hizo inapika chai, maharage na mboga bila kugusa kuni. Waandishi wa mradi waliichukua picha hiyo wakaikuza.

Hesabu iliyokuwa kwenye karatasi

Andiko lilisema tangi la mita za ujazo 60 lingeokoa kilo 300 za kuni kila siku. Ukitaka kujua namba hiyo ilitoka wapi, gawanya kwa 60: unapata 5. Mita moja ya ujazo ya biogesi hukadiriwa kuokoa hadi kilo 5 za kuni zinazochomwa kwenye mafiga. Kwa maneno mengine, mtu alichukua ukubwa wa tangi akauhesabu kuwa ndio gesi ya siku moja. Tangi la kuba, likilishwa vizuri katika joto la mashariki mwa Uganda, hutoa kwa siku takriban theluthi moja ya ujazo wake. Hili lingetoa mita 20, yaani kilo 100 za kuni. Hata kama kila kitu kingekwenda sawa, jiko lingebaki na pengo la kilo 260.

Hata hizo mita 20 zilitegemea lishe isiyokuwepo. Andiko lilihesabu ng'ombe 8 kwa kilo 15 kila mmoja, lakini ng'ombe wa shule walichungwa mchana na kurudi zizini jioni. Samadi ya mchana ilibaki malishoni, na iliyokusanywa asubuhi haikuzidi kilo 50, sawa na mita 2 za gesi. Upande wa vyoo walihesabiwa wanafunzi wote 600 kwa lita 25 za gesi kila mmoja. Vyoo vilivyoweza kuunganishwa na tangi vilikuwa vya bweni la wavulana tu, watu 250 hivi. Vile vya wasichana vilikuwa vya shimo, upande wa chini wa mteremko, na hakuna bomba linalopandisha kinyesi mlima bila pampu.

Jumla halisi ya kutarajiwa ilikuwa mita za ujazo 8, au kilo 40 za kuni kati ya 360. Hesabu hii haihitaji mhandisi. Ilihitaji mizani, ndoo, na asubuhi tatu za kukaa zizini na jikoni kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Mfuatano wa matukio

Ujenzi ulichukua muhula mmoja na ulikwenda vizuri. Kuba lilipigwa lipu kwa tabaka kadhaa, likajazwa maji kupimwa uvujaji, kisha likaachwa likauke. Tangi lilianzishwa kwa samadi iliyosombwa kwa trekta kutoka kwa wafugaji jirani, ikachanganywa na maji kwa kiasi sawa. Gesi ya mwanzo haikuwaka, nayo haipaswi kuwaka, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni hewa ya ukaa (kabonidioksidi). Ilifunguliwa ikatoka, na baada ya wiki tatu moto wa buluu ukaonekana.

Uzinduzi ulifanyika kwa wageni na hotuba. Gesi ilikuwa imelimbikizwa siku kadhaa kwa ajili hiyo, na sufuria mbili zilichemka mbele ya kamera. Picha hizo ndizo zilizoingia kwenye ripoti ya robo mwaka.

Muhula uliofuata bodi ilikata fungu la kuni kwa robo tatu. Haikufanya hivyo kwa uzembe, kwani andiko la mradi, lenye muhuri wa mfadhili, lilisema kilo 300 zimeokolewa. Wiki ya pili kuni ziliisha. Gesi ilitosha uji wa asubuhi na chai ya walimu, basi. Chakula cha usiku kilianza kutoka saa tatu, kisha saa nne. Katika shule ya bweni maharage mabichi saa nne usiku ni jambo la usalama, na uongozi uliliona hivyo. Mhasibu alinunua kuni kwa mkopo kutoka kwa yeyote aliyekuwa nazo. Zilikuwa mbichi, zimekatwa wiki hiyohiyo, na bei ilikuwa juu.

Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Sehemu ya joto huishia kuyageuza mvuke, moto unapoa, na kisichoungua kinapanda kama moshi mzito. Kwa muhula mzima jiko lililofadhiliwa ili liwe safi lilikuwa na moshi mwingi kuliko kabla ya msaada kufika.

Wakati huohuo gesi kidogo iliyokuwepo ilianza kupungua. Sababu zilikuwa nne, na kila moja ilipatikana peke yake.

Ya kwanza ilikuwa bomba. Kutoka kwenye kuba hadi jikoni ni mita 70, na fundi alilifukia kwa kufuata sura ya ardhi. Biogesi hutoka tangini na mvuke, mvuke hupoa njiani na kuwa maji, na maji hukaa kwenye bonde la bomba kama kizibo. Dalili yake ni moto unaorukaruka, mara mkubwa mara unazimika, huku bomba likigugumia. Bomba linatakiwa kuteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita, liwe linarudi kwenye tangi au linaelekea sehemu moja ya chini yenye kiungio cha T na koki ya kumwagia maji. Hapa hapakuwa na koki hata moja.

Ya pili ilikuwa maji ya chooni. Tangi lilisanifiwa lipokee kama lita 1,500 kwa siku, ili kila tone likae ndani siku 40. Wavulana walimwaga ndoo nzima kila mara, na lita zikapita 3,000. Muda wa kukaa ukashuka chini ya siku 20, na kinyesi kikawa kinatokea upande wa pili kabla bakteria hawajakifanyia kazi. Tope la kutokea lilinuka vibaya, na hiyo ni dalili ya kuaminika: tope lililoiva vizuri halivutii hata nzi.

Ya tatu ilikuwa usafi wenyewe. Kila Jumamosi wasafishaji walimwaga dawa ya kuulia vijidudu kwenye vyoo, kama walivyofundishwa na ukaguzi wa afya. Dawa haichagui vijidudu. Gesi ilishuka kila Jumapili na kuanza kupanda Jumatano, na ilichukua muda mtu kuzioanisha kalenda mbili hizi.

Ya nne ilikuwa magunzi ya mahindi na karatasi za daftari, ambavyo viliziba bomba la kuingizia. Hili halihitaji maelezo.

Jinsi tatizo lilivyopimwa

Shirika lilimleta fundi wa biogesi aliyezoea mitambo ya nyumbani, na kazi yake inafaa kuelezwa kwa sababu vifaa vyake vyote vilinunuliwa duka la vifaa vya ujenzi. Alifunga mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye ubao, akaukunja mfano wa herufi U, akautia maji yenye rangi, akauunganisha na bomba la gesi jikoni. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo shinikizo. Kuba lililojaa lilisoma karibu sentimita 90. Chini ya sentimita 10, sufuria ya lita 200 haikuchemka.

Usiku alifunga koki kuu iliyo juu ya kuba na kusoma ubao mwingine alioufunga hapohapo, saa tatu usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi. Usomaji ulipanda. Maana yake kuba halivuji na gesi inazalishwa, ingawa kidogo. Kisha akalifunga bomba pande zote mbili, likiwa na gesi ndani, na kuliacha saa moja. Usomaji ukashuka. Povu la sabuni kwenye kila kiungio lilionyesha sehemu mbili zinazotoa mapovu, zote kwenye nyuzi za bomba la chuma ambazo kutu ilikuwa imeanza kuzila. Biogesi ina hidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, na pamoja na unyevu huila chuma upesi. Bomba la plastiki zito lililofukiwa sentimita 40 lingetosha tangu mwanzo, tena kwa bei ndogo.

Maamuzi na sababu zake

Katika kikao cha katikati ya mradi, mfadhili alikuwa na fedha ya dharura pamoja na fungu la mabango, filamu fupi na ziara za mafunzo. Mezani kulikuwa na njia nne.

Tangi la pili lilipendekezwa na mkandarasi. Lilikataliwa mara moja, kwa sababu lililopo lilikuwa na njaa na la pili lingegawana nalo njaa hiyo.

Gesi ya mitungi ilihesabiwa. Kwa ufanisi wa majiko yote mawili, kilo 1 ya gesi hiyo hufanya kazi ya takriban kilo 10 za kuni kwenye mafiga. Shule ingehitaji kilo 36 kwa siku, sawa na mtungi wa kilo 45 kila siku moja na robo, na karo isingebeba gharama hiyo siku mfadhili akiondoka.

Umeme ulivutia zaidi, hasa kwa kuwa umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile. Mahitaji yalikadiriwa kuwa uniti 260 kwa siku. Kikwazo hakikuwa uniti bali wakati: chakula chote hupikwa kwa saa chache, hivyo jiko lingevuta kilowati 60 au zaidi kwa mpigo, na transfoma iliyohudumia shule pamoja na kituo cha biashara kilicho jirani ilikuwa ndogo kuliko hapo. Bodi iliiweka kando bila kuifuta.

Iliyochaguliwa ilikuwa majiko manne ya kuni ya taasisi yenye dohani. Kwa mwakilishi wa mfadhili huu haukuwa uamuzi rahisi. Ruzuku iliandikwa kwa ajili ya nishati safi, na sasa ilikuwa inanunua majiko ya kuni. Hoja iliyomshawishi ilikuwa ya mizani: biogesi ingeokoa kilo 40 ikienda vizuri sana, majiko yangeokoa zaidi ya 150.

Mwili wa jiko ni matofali, lakini chumba cha moto kinazungushiwa matofali mepesi ya udongo uliochanganywa na vumbi la mbao, yanayozuia joto lisipotee ukutani. Sufuria haikai juu ya moto, inazama ndani, na kati yake na ukuta wa jiko inaachwa nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Nafasi ikizidi, joto linapita bila kugusa sufuria. Ikipungua, moto unakosa pumzi na moshi unarudi mlangoni. Kwa hiyo sufuria hununuliwa kwanza, jiko likajengwa kwa kipimo chake, na mpishi hana ruhusa ya kubadilishana sufuria kati ya majiko. Dohani inapita juu ya ncha ya paa kwa sentimita 60, vinginevyo upepo huurudisha moshi ndani.

Pamoja na majiko kulijengwa banda la kuni lenye paa na pande wazi. Kuni zinapasuliwa ziwe nene kama kifundo cha mkono, zinapangwa, na haziguswi kabla ya miezi mitatu. Wapishi huzipima kwa kugonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia kwa ukali, mbichi hutoa mlio mfu. Maharage yakaanza kulowekwa usiku, jambo lisilogharimu kitu ila ndoo.

Kwa upande wa tangi, mkandarasi alirudi kulifukia bomba upya kwa mteremko sahihi na kuweka koki mbili za maji. Alirudi kwa sababu asilimia 10 ya malipo yake ilikuwa bado imeshikiliwa. Bila kifungu hicho angekuwa ameshahamia kazi nyingine. Vyoo vilipewa kopo la lita 2 badala ya ndoo, na dawa ikakatazwa. Vinasuguliwa kwa brashi na sabuni kidogo.

Matokeo

Kuni zilipimwa siku saba mfululizo kabla na siku saba baada, kwa menyu ileile. Kilo 360 zilishuka hadi 150. Biogesi ilitulia kwenye mita 5 hivi kwa siku, ikipika uji wa wagonjwa, chai, na maji ya kuoshea vyombo vya kukamulia. Majiko manne na banda viligharimu chini ya robo ya gharama ya tangi.

Likizo zilileta tatizo ambalo andiko halikulitaja kabisa. Wanafunzi wakiondoka tangi haliachi kufanya kazi, linaendelea na lishe iliyomo, na gesi isiyotumika ikijaa hujitokea yenyewe. Mita 3 za biogesi zikipotea kwa siku hubeba kilo 1.2 hivi za methani, ile sehemu ya biogesi inayowaka, na kwa kipimo cha miaka 100 methani huongeza joto duniani karibu mara 28 ya hewa ya ukaa. Ni sawa na karibu kilo 34 za hewa ya ukaa kwa siku, kama inayotoka kwenye kilo 19 hivi za kuni. Shule ilivuta tawi la bomba hadi nyumba ya mlinzi anayebaki likizo, na siku ambazo hapiki anatakiwa kuiwasha gesi iungue bure.

Tope linalotoka nalo lina kinyesi cha binadamu, hivyo halimwagwi kwenye mboga. Linachanganywa na majani makavu, linaozeshwa, kisha linapelekwa kwenye migomba na majani ya ng'ombe.

Uchambuzi

Kosa kubwa la mradi huu halikuwa la fundi. Mfadhili alilipa kwa kitu kilichojengwa, na kitu kilichojengwa akakipata. Kiashiria cha kwanza kwenye mkataba kilisomeka “tangi moja limekamilika”, na cha pili, kuni zilizookolewa, kilijazwa kwa kuzidisha ukubwa wa tangi mara tano bila mtu yeyote kupima kuni. Ripoti iliyotumwa Ulaya katika muhula mbaya kuliko yote ilionyesha mafanikio kamili.

Utaratibu mwingine upo na umekwisha kutumika Uganda. Mpango wa GET FiT, ulioanza 2013 kwa msaada wa Ujerumani, Norway, Uingereza na Umoja wa Ulaya, uliwapa wazalishaji binafsi wa umeme ruzuku ambayo sehemu yake ilifuata uniti zilizofika kwenye gridi. Mtambo usiozalisha haukulipwa sehemu hiyo. Jiko la shule si kituo cha umeme, lakini kilo za kuni ni rahisi kupima kuliko uniti. Kama robo ya ruzuku ingesubiri mihula miwili ya vipimo vya mizani, mtu angepanda kwenda shuleni muhula wa kwanza kuuliza kwa nini Fuso bado zinaingia.

Muda nao ulikuwa wa mfadhili. Miezi 18 ilifuata mwaka wa fedha wa Ulaya, hivyo siku ya mwisho ya ruzuku iliangukia katikati ya likizo ndefu, wakati hakuna wa kukabidhiwa. Tangi la aina hii linahitaji kuangaliwa kwa mihula mitatu baada ya kuwashwa, kwa kuwa kila muhula huja na tatizo lake la maji, chakula na likizo.

Kuna jambo moja tunalotofautiana na wakosoaji wa mradi. Wengine wameita tangi hasara tupu. Hapana. Kama tangi la choo limefanya kazi nzuri: shimo lililokuwa likifurika wakati wa masika halipo tena. Lingepimwa kama mradi wa usafi wenye faida ya gesi kidogo, namba zake zingekuwa za heshima. Liliharibiwa na kuahidiwa kuwa jiko.

Kilichobaki bila jibu ni matengenezo. Matofali mepesi ya chumba cha moto hupasuka baada ya mwaka mmoja au miwili, na kichomeo cha biogesi kilichokuja na mradi kina tundu la gesi ambalo halipatikani madukani. Fundi wa mjini alilitoboa upya, tundu likazidi, na moto ukawa wa njano wenye masizi hadi lilipozibwa na kutobolewa tena kwa sindano ndogo. Bodi imeweka fungu la matengenezo kwenye bajeti ya muhula wa tatu, sawa na bei ya nusu safari ya Fuso. Kwa majiko linatosha. Kwa kichomeo kipya halitoshi.